Bandari Iliyopanda Mlimani

Kwa miaka kumi na moja Mama Ramani alichora nchi isiyohitaji pasipoti. Ilikuwa nchi ya riwaya za majoka, vitabu vitano hadi sasa, na kila kimoja kilifunguka kwa ramani ya mkono wake. Balaa ni kwamba katika kitabu cha kwanza mji wa bandari ulikuwa ufukweni. Kuanzia cha pili ukawa juu ya mlima. Wasomaji waliandika barua za kejeli: mabaharia wenu hushuka kwa kamba?

Jumatatu asubuhi meneja wa kampuni ya vitabu alimwita ofisini. Mwandishi wa riwaya alikuwa ameshaketi.

"Mama, kitabu cha sita kitatoka bila ramani," meneja akasema. "Na bila wewe. Mchoraji asiyejua bahari iko wapi atatuzamisha."

"Mimi nilifuata ramani zako, dada yangu," mwandishi akalalama. "Nimewapandisha watu mlimani na makasia mabegani!"

Mama Ramani aliinuka. Alikwenda stoo, akarudi na bahasha ya kitabu cha pili. Ramani zake zilichapwa kwa filamu mbili za plastiki angavu zilizolaliana: moja ya milima na maji, nyingine ya majina. Akazibandika kwenye kioo cha dirisha. Bandari ikakaa ufukweni, kama alivyoichora. Kisha akaipindua ile ya milima, majina akayaacha. Bandari ikapanda mlimani.

"Kiwandani kwa wachapaji waliiweka kifudifudi," akasema. "Vitabu vilivyofuata mkaniamuru ninakili kilichochapwa. Prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, nani aliipitisha?"

Meneja akaitazama sahihi kwenye bahasha. Ilikuwa yake. Akakohoa kama gari bovu.

"Haya, nimekosa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, mama. Vitabu vimeshauzwa."

"Hayazoleki, bosi, ila tunaweza kuyachorea mto." Akamgeukia mwandishi. "Lile joka lako kubwa linalala wapi?"

"Chini ya nchi nzima. Tangu kitabu cha kwanza."

"Basi baada ya kitabu cha kwanza lilijigeuza usingizini. Nchi ikapinduka nalo."

Mwandishi akaruka kitini. "Lo! Dada, umeniokolea vitabu vinne!"

Kitabu cha sita kilitoka na ramani mbili, kabla na baada ya joka kujigeuza, na kwa mara ya kwanza jina la mchoraji likawa jaladani. Barua zikamiminika tena. Wasomaji wote waliapa kwamba walijua tangu mwanzo.