Uso wa Roxana Dunklee

Thirza Colburn alikuwa na kitanda kizuri kuliko vyote katika mji wetu wa Kilbrook, kitanda cha nguzo nne kilichochongwa kabla Marekani haijajitenga na Mwingereza, na hakuwahi kukilalia hata siku moja. Yeye alilala chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha chuma cha kukunja, kama mlinzi wa nyumba ya wenyewe. Chai alinywea kwenye kibao alichokiweka magotini, kwa sababu meza yake ya kulia ilikuwa ya mwaka 1760 na aliogopa kikombe kisije kikaiachia alama.

Nayajua haya kwa kuwa mimi, Everett Stubbs, ndiye niliyekuwa nikimtengenezea viti. Karakana yangu ilitazamana na nyumba yake, barabara katikati. Thirza aliuza stempu kwenye posta ya Kilbrook miaka thelathini na mmoja. Hakuolewa. Mama yake alimwacha mdogo kwa shangazi ambaye hakumtaka na hakumficha kwamba hamtaki. Labda ndiyo maana mshahara wake wote uliishia minadani, kwenye vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamevichoka: makabati ya droo, viti vyenye mgongo wa fito kama ngazi, masanduku ya vitu vya bibi harusi yenye rangi iliyobabuka. Zaidi ya vyote alinunua picha za watu, zile za rangi ya mafuta walizochora mafundi wa kutembea nyumba kwa nyumba enzi hizo kabla ya kamera. Alikuwa nazo kumi na nane. Wanaume wenye kola ngumu, wanawake wenye kofia za lesi, mtoto mmoja aliyeshika cheri. Wengi hata majina yao hayakujulikana. Akiwataja, alisema "watu wangu".

Siku moja nilimtania. "Bi Thirza, utanunua babu za watu mpaka lini?"

"Wajukuu wao wamewatupa, Everett. Mimi nimewaokota."

Dukani kwa Hodge walimcheka. "Thirza kapata bwana mpya," mke wa Hodge alikuwa akisema kila akimwona anapita na fremu kwapani. "Ana miaka mia na ishirini, hali, hanywi, hasemi neno. Bwana wa namna hiyo hata mimi namtaka!"

Agosti ya mwaka 1953, Mzee Amasa Dunklee aliuza shamba lake la kilimani. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mke amekufa, ng'ombe wameisha, magoti hayapandi ngazi. Akaenda kuishi kwa Verna, binti wa ndugu yake, katika nyumba ndogo ya mjini. Verna alimpokea vizuri, ila jambo moja alilikataa: picha ya Roxana, bibi yake Amasa mzaa baba. "Siwezi kula huku yule mama ananikodolea macho," alisema. Basi mzee akaifunga picha kwenye mfarishi wa kitandani, akaileta kwa Thirza.

Mimi nilikuwepo, nilikuwa chini ya meza natia gundi mguu. Thirza aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Mwanamke wa miaka ishirini na nne, kidevu kikali, jicho moja dogo kuliko jingine, mdomo uliobanwa kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

"Unataka bei gani, mzee?"

"Bei utakayotaja wewe. Mimi nataka mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango wako huu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi unifungulie, nikae naye saa moja, kisha niende zangu."

Amasa hakuwa akimzungumzia mtu aliyesimuliwa tu. Mama yake alikufa akimzaa, na Roxana ndiye aliyemlea mpaka alipofika miaka kumi na minane. Picha ya kamera hakupigwa kamwe. Kila alipoombwa alijibu kwamba ameshachorwa mara moja, na mara moja inatosha. Kwa hiyo duniani kote uso wake ulikuwa mahali pawili tu, kwenye kitambaa kile kilichochorwa na kichwani mwa Amasa.

Mzee akaja Septemba, akaja Oktoba. Thirza alimkalisha kwenye kiti cha mikono ambacho mimi mwenyewe nilikatazwa kukikalia. Alimwokea maharage na nyama ya nguruwe. Hakuna mgeni aliyewahi kula katika chumba kile. Nilikuwa nawaona dirishani, mzee anaongea na picha, Thirza kakaa pembeni na mikono mapajani, anasikiliza habari za mwanamke aliyekufa mwaka 1890 kana kwamba ni mama yake.

Jumapili ya kwanza ya Novemba mzee alisogea karibu na ukuta, akasogea tena.

"Anafifia," alisema. "Au ni macho yangu?"

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hilo ni kweli. Lakini picha nayo ilikuwa imekula moshi wa jiko la kuni miaka mia na kumi na tisa, na vanishi yake imekuwa ya rangi ya chai. Mzee alipoondoka alimwambia Thirza, "Sijui kama Krismasi nitamwona."

Wiki iliyofuata Thirza alikuja karakana. Aliniomba ile dawa yangu ya kutolea uchafu kwenye samani, ambayo nachanganya mwenyewe, tapentaini, spiriti na amonia. Nikamjazia kwenye chupa tupu ya siki.

"Ina nguvu?" aliuliza.

"Inakula uchafu wa miaka mia," nikamjibu, najisifu. Sikumwuliza anakwenda kusafisha nini. Nilidhani ni kabati.

Jumatano asubuhi nilisikia mlango wangu unagongwa kwa viganja vyote viwili. Thirza alisimama kwenye theluji bila koti, na viatu vya ndani. "Everett, njoo. Njoo uone nilichofanya."

Picha ilikuwa imelazwa juu ya meza ile ya 1760, bila hata gazeti chini yake. Kofia ya lesi ilikuwa imetoka nyeupe, kila tundu linahesabika, kazi ya ajabu. Mikono ipo, kitabu kipo, shanga zipo. Katikati ya kofia na shanga hapakuwa na kitu. Palikuwa na kijivu tu, rangi ile ya chini ambayo mchoraji hupaka kwanza kabla ya kuanza, na kipande cha sikio. Sakafuni palikuwa na pamba, zimegeuka rangi ya waridi.

"Ilianza vizuri," alikuwa akisema. "Lesi ilianza vizuri, Everett. Nilitaka amwone."

 Niliiona chupa yangu dirishani, nikaichukua na kuitia mfukoni. Mpaka leo sijui kwa nini hilo ndilo la kwanza nililofanya.

Tulikwenda Boston na gari langu, picha imelazwa nyuma kama mgonjwa. Fundi wa picha aliyetupokea alikuwa mzee mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Alitazama, akashusha pumzi.

"Rangi iliyotoka hairudi, mama. Naweza kukuchorea uso mwingine. Nitaupaka vizuri, hakuna atakayejua."

"Atajua mmoja," alisema Thirza.

"Basi nipe picha yake ya kamera niufuate."

"Hakupigwa."

"Ana binti? Mjukuu anayefanana naye?"

"Hakuna anayefanana naye." Kisha akamshika fundi mkono wa shati. "Mimi nimemtazama miezi mitatu. Jicho la kushoto lilikuwa dogo. Nikikueleza, utaweza?"

Yule bwana alimpa kalamu. Thirza akachora duara, akachora macho, akafuta, akachora tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na daraja la mto aliniambia nisimamishe gari, akashuka, akaenda nyuma kutazama kama picha bado imelala sawa, akapanda tena.

Jumapili ya kwanza ya Desemba mzee akaja kwa miguu, kafungwa skafu na Verna mpaka masikioni. Thirza alinipigia magoti, kweli alipiga magoti, nikamzuie mzee mlangoni. Nikasema Bi Thirza ana homa ya kuambukiza.

"Basi nitakaa hapa barazani kidogo," alisema mzee. "Yeye alale, mimi nitamchungulia bibi kwa dirisha."

"Hapana, mzee. Daktari kakataza."

Alinipa donati alizozileta ndani ya kitambaa, bado za moto, akageuka. Hatua zake zilikuwa fupi sana.

Januari Thirza alikuja na uongo mpya. Picha imeazimwa, iko Boston kwenye maonyesho. Alidhani utampatia nafasi ya miezi miwili. Lakini mzee alifurahi kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo tulipojinyonga kwa kamba yetu wenyewe. Alikwenda dukani kwa Hodge kila siku kutangaza. "Bibi yangu yuko Boston! Wakubwa wanapanga foleni kumwona. Na alikuwa akikama ng'ombe huyo!" Mke wa Hodge akamwambia amwombe Roxana amtafutie mchumba huko Boston, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mwisho wa mwezi akaingia karakana yangu. "Everett, kijana," aliniita hivyo ijapokuwa nilikuwa na miaka hamsini na tatu, "gari lako linafika Boston? Nipeleke nikamwone akiwa kwenye taa za watu. Petroli juu yangu."

Nilimwambia nitaangalia tairi. Akatoka. Nikavuka barabara.

"Mwambie," nilimwambia Thirza. "Mwambie leo, au nitamwambia mimi."

Mzee aliitwa, akaja saa tisa alasiri. Thirza hakumzungusha. Alimwambia hakuna maonyesho, hakukuwa na homa, na yeye kwa mikono yake ameufuta uso wa bibi yake. Mzee akaomba aletewe. Tukaisimamisha picha kwenye kiti mbele yake. Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa, kisha akapitisha vidole, polepole, kwenye lesi, kwenye kofia, kwenye kile kijivu. Vidole vikabaki pale.

"Nani alikupa dawa?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama karibu na saa ya ukutani, kofia mkononi. Thirza hakunitazama.

"Niliichanganya mwenyewe. Niliisoma kwenye gazeti."

Nami nikanyamaza. Kinywa nilikuwa nacho, na nafasi nilikuwa nayo, nikanyamaza.

"Ungeniacha na moshi wangu," alisema mzee. "Kwenye moshi alikuwepo." Thirza alimwomba aichukue picha, achukue na kiti, achukue chochote ndani ya nyumba. Alitikisa kichwa. Akanyanyuka, akavaa skafu vibaya, akaenda.

Jumapili ya kwanza ya Februari hakuja. Thirza alikaa dirishani na maharage jikoni mpaka yakaungua. Siku ya pili yake akanunua daftari na penseli, akaenda nyumbani kwa Verna. Habari hii nilipewa na Verna mwenyewe. Thirza alimkuta mzee kitandani, kifua kimembana. Akamwambia, "Niambie alivyokuwa. Nitaandika kila neno, nitampelekea fundi." Mzee akakubali. Akaanza na kidevu, akaendelea na nyusi. Kisha akasita, akasema hapana, hizo ni nyusi za marehemu mke wake. Akaanza upya. Akasita tena. Verna alikuwa mlangoni na bakuli la supu, akamsikia akianza kulia.

"Acha," mzee alimwambia Thirza. "Tafadhali acha kuniuliza. Kila nikimsema, anaondoka."

Thirza akafunga daftari. Verna akamshika bega, akamtoa nje, na kwenye ngazi akamwambia maneno ambayo baadaye aliyajutia.

Mzee Amasa alikufa wiki ya pili ya Machi. Ardhi ilikuwa bado imeganda, jeneza likakaa kwenye chumba cha mawe cha makaburini mpaka Mei, ndipo tukamzika. Thirza alisimama mbali, nje ya ukuta.

Jioni ile nilikwenda kwake. Nilikuwa nimeamua. Nikamwambia nakwenda kwa Verna kusema kwamba chupa ilikuwa yangu, na kwamba nilimpa bila kumwuliza.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, kile cha mzee. Picha ilikuwa ukutani mbele yake, palepale.

"Utasema nini, Everett? Chupa ilikuwa yako, mkono ulikuwa wangu." Akaitazama picha. "Pamba ya kwanza ilipotoka na waridi, nilijua. Nilijua kabisa kwamba ni shavu. Nikajiambia labda ni uchafu, nikachovya nyingine. Sikuweza kukubali kwamba nimeshamharibu, kwa hiyo nikaendelea. Jicho lilikuwa bado lipo. Ningesimama pale, angebaki na macho."

Nilitaka kumshika mkono. Sikuzoea kumshika mtu mkono, naye hakuzoea kushikwa.

Kiangazi kile aliwauza watu wake wote kumi na nane kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Connecticut, kwa bei ya kutupa, na mimi ndiye niliyewabeba mpaka kwenye lori. Alisema hana haki ya kukaa na watu. Yule bwana aliposhika picha ya Roxana aliigeuza, akauliza kama anaweza kupata fremu peke yake. Thirza akamnyang'anya, akaingia nayo ndani na kufunga mlango, nasi tukabaki uani na injini inanguruma.