Mizunguko Mia Tatu

Kalamu hainitii, lakini kwa kuhesabu mizunguko ya waya hakuna aliyewahi kunishinda, na marehemu mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Alikuwa fundi wa spika. Chumba chetu cha mbele, nikifumba macho mpaka leo nakinusa: vumbi la mbao, risasi ya kuchomelea, na chai yake aliyoisahau dirishani.

Yeye alichora, mimi nilizungusha. Koili ya besi, ule waya wa kuzungushwa kwa ajili ya sauti nzito, aliitaka tupu katikati, isiwe na chuma. Mafundi wenzake walimcheka, "Chuma kingekupunguzia waya nusu nzima."

"Na muziki ukipanda kinakwaruza kama mwenye mafua," akawajibu. "Hewa haikwaruzi."

Basi waya ukawa mnene na mrefu, koili fupi yenye tundu pana. Mizunguko mia tatu, koili ya spika ya kushoto na ya kulia zilingane.

Siku moja waya uliobaki ulitosha koili moja tu, na spika zinasubiriwa jioni. Ndipo akaja mamamkwe, mara ya kwanza tangu ndoa ile asiyoitaka.

"Hodi."

"Mia mbili kumi na mbili," nikajibu.

"Napiga hodi najibiwa hesabu?"

"Mia mbili kumi na tatu."

Nikimsalimu, hesabu inapotea, na waya ukifumuliwa ili uhesabiwe upya unachubuka, koili imekufa. Nisipomsalimu, nimejifukuzisha mwenyewe.

"Nilimwambia mwanangu, huyu ana kiburi," akasema, kikapu mkononi.

Nikamwomba kwa macho. Mkono unazungusha mpini wa mashine ya waya, mdomo unataja namba. Akautazama mkono, akautazama mdomo, kisha akaketi kwenye kigoda cha fundi. Nilipofika mia mbili hamsini, kikohozi kikanibana.

"Hamsini na moja," akasema yeye. "Zungusha, mwanangu."

Tukaenda pamoja mpaka mia tatu. Nikafunga waya kwa uzi, nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba gani hii, mtu anafika asubuhi anasalimiwa mchana."

Mume wangu akaingia, akashtuka kutuona. "Mama, umekaribishwa?"

"Nimepewa kazi," akasema.

Tangu hapo mpaka alipotutoka, mamamkwe akifika alisimama kwanza mlangoni, akatega sikio. Mpini ukinyamaza, ndipo apige hodi.