Kichujio kwa Mama Mukhisa

Kibiwott wa Matisi, Kitale, alikuwa fundi wa televisheni. Aliipenda kazi yake kwa kuwa watu walimpokea wamenuna na kumuaga wakicheka. Lakini mwaka wa 1993 aliitwa Bungoma na mjane aitwaye Agneta, na tangu siku hiyo kazi ikamtoka moyoni.

Agneta, ambaye majirani walimwita Mama Mukhisa, alikuwa na mtoto mmoja tu. Mukhisa alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akapotea. Hakurudi, wala hakutuma salamu. Miaka ikapita, hadi Jumapili moja Lenah, mpangaji wa chumba cha nyuma, alipotoka hotelini mbio akisema amemwona Mukhisa kwenye televisheni, anaimba na kwaya. Mama akauza ng'ombe wa maziwa, akanunua televisheni.

Kibiwott alifika Jumapili mchana. Picha ilikuwepo, ila kila mara mistari myeusi iliivamia ikatetemeka kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Kijana yangu husimama safu ya pili," Mama akamwambia. "Anainamisha kichwa hivi, kama baba yake. Lakini hii mistari inamkata uso. Nisaidie nimwone vizuri, mwanangu."

Kibiwott aliingoja mistari irudi, kisha akauchomoa waya wa antena. Mistari ikatoweka. Basi haikuwa ikiingia kwa umeme. Ilikuwa ikipita kwenye waya wa antena. Akatoa redio yake ndogo, akazungusha kitufe polepole, mpaka akasikia mtu akiuliza lori limefika Bokoli au bado. Kila mara mtu huyo alipofungua mdomo, mistari ilipanda. Ilikuwa redio koli, ile ya kuitana na madereva, ya kampuni ya malori upande wa pili wa barabara.

"Nimemjua adui, Mama," akasema, akifurahi.

Alitengeneza kichujio hapo hapo mezani: kikopo kidogo cha bati chenye nyaya za shaba zilizosokotwa ndani, cha kuzuia sauti za malori na kuiachia picha ipite. Alikifunga pale waya uliposhuka kutoka paani, kabla haujagawanyika kwenda kwa Lenah, ambaye naye alikuwa amejinunulia televisheni, ili zote mbili zipone. Akazibana na kuzilegeza zile nyaya taratibu huku Lenah akimpigia kelele kutoka dirishani: "Bado! Bado! Hapo, fundi, hapo hapo!"

Aliporudi ndani kwaya ilikuwa imeanza. Picha ilikuwa safi kiasi cha kuhesabu vifungo vya mashati. Kibiwott alisimama mlangoni akingoja shukrani.

Mama Mukhisa alisogeza kigoda mpaka magoti yakagusa meza. Safu ya pili, kijana aliinamisha kichwa. Kamera ikamvuta karibu. Alikuwa mtu mzima, mwenye kovu chini ya jicho na pengo mdomoni, akiimba kwa furaha.

Lenah naye alikuwa ameingia kutazama. Akafunika mdomo kwa kanga.

"Si yeye," Mama akasema.

"Labda wiki ijayo, Mama..." Lenah akaanza.

"Mimi ndio nilimzaa. Si yeye." Hakulia. Alimgeukia Kibiwott. "Toa hiyo kitu yako. Irudishe vile ilikuwa."

Kibiwott alitoka tena, akakifungua kichujio. Mistari ikarudi, uso wa yule mwimbaji ukakatika vipande kama zamani. Mama aliutazama kitambo, akiinamisha kichwa huku na huku, akitafuta. Kisha akainuka, akaizima televisheni, akaingia chumbani.

"Si makosa yako, fundi," Lenah alimwambia nje. "Ni mimi nilileta hiyo habari."

Kibiwott alikitia kichujio mfukoni, akaondoka.

Mwaka uliofuata alipita Bungoma, akabisha kwa Lenah. Aliambiwa Mama hakuiwasha tena televisheni ile. Jumapili kwaya ikiimba kwa Lenah, yeye huchukua jembe na kwenda shambani, hata kama hakuna cha kulimwa. Hakuwa akiongea na mtu. Kibiwott alimwona kwa mbali, ameinama, akichimba udongo mkavu. Hakuthubutu kumwita.

Aliendelea kufunga vichujio, kwa sababu watoto wake walihitaji kula. Lakini picha ilipotulia tu, alifungasha vyombo vyake akatoka, kabla wenye nyumba hawajaketi kutazama.