Mama Mkubwa na Orodha ya Chama

Mimi ni mshonaji wa Majengo, na nasema bila haya: siasa ya Goma nimeishona kwa mikono hii. Chama hakijapata hata ofisi yenye mlango, tayari kimeleta bikwembe, vitambaa vya bamama kujifunga kiunoni, vyenye uso wa mkubwa wao. Mkono mtupu haulambwi. Ukitaka bamama waje kukuimbia juani, kwanza uwavike. Kila avenyu, hata kamtaa kafupi, ina mama mmoja anayepokea mzigo, anaugawa nyumba kwa nyumba, na siku ya miting uwanjani anatoka na bamama wote wamevaa sare. Chama kinaangalia zile rangi, kinasema: tuna watu. Mimi nacheka, naendelea kushona.

Kwenye avenyu yetu mama huyo alikuwa mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu. Kukiwa na matanga, ndiye anapanga nani alete maji, nani alete makala ya kupikia, nani akae na wafiwa. Mtoto akizaliwa, yeye anajua kabla ya baba. Sauti yake ikisikika pale kwenye kona, wanawake wanaacha maharagwe motoni wanatoka. Vyama vyote vilijua hilo, na vyote vilimtumia. Aliwatungia wanaume nyimbo, wanaume wakapata viti, yeye akapata kikwembe.

Mwaka ule, kabla orodha za wagombea hazijapelekwa, chama cha kijani kilimletea ahadi mpya. Mkubwa wao wa hapa mjini, ambaye sote tulimwita papa federal, alikuja akamkuta kwangu, akakaa kwenye benchi langu, akanywa chai yangu yote, akasema:

"Mama, unijazie uwanja Jumapili. Ukijaza, jina lako liko kwenye orodha ya baraza la komine."

Mama mkubwa akachukua kikombe kitupu, akaenda kukiosha. Lakini kesho yake nilimkuta kwa mpiga picha, amenyoosha shingo, anapigwa picha za dosye ya kugombea. Aliponiona aliona haya kidogo.

"Mutoto wangu," akaniambia, "nimechoka kuimbia watu. Nataka na mimi niingie mule ndani, niulize habari ya maji, wanijibu. Basi."

Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Sasa nieleze kosa langu. Wiki ile ile chama cha njano nacho kilikuwa kimegawa bikwembe vyake, kwa ajili ya miting ya Jumapili iliyofuata. Bamama wa avenyu wakaja kwangu mmoja mmoja, wakiongea chini chini kama wanaungama kwa padri: "Shona vyote viwili pamoja, mgongo kwa mgongo. Kijani nje, njano ndani. Jumapili ya pili tunageuza tu." Nikaona wana akili. Kitambaa kinakuwa kizito, kinakaa vizuri kiunoni, tena baridi ya huku kwetu mnaijua. Nikashonea karibu avenyu nzima. Mama mkubwa peke yake ndiye sikumwambia. Angenikataza, na kazi ilikuwa imeninogea.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda ukuta. Bamama waliimba, mama mkubwa mbele yao, na papa federal alicheka mpaka magego yakaonekana. Mgombea wa kijani alikuwa ndiyo kwanza ameshika mikro pale mvua iliposhuka kutoka upande wa mlima Nyiragongo.

Kila mwanamke wa huku anajua la kufanya kama mvua imemkuta na kikwembe kipya. Unakifungua, unageuza upande mzuri ndani, unafunga tena, ili rangi isichuje. Mikono inafanya yenyewe, haiulizi kichwa. Bamama wote wakafungua, wakageuza, wakafunga. Hakuna hata mmoja aliyeacha kuimba.

Mawee! Uwanja mzima ukawa wa njano. Uso wa mpinzani ulikuwa unatabasamu kwenye kila kiuno na kwenye kila tako, huku bamama wakiliimba jina la kijani kwa nguvu zao zote. Mgombea alisema "Ndugu zangu wapenzi," akakwama hapo. Papa federal akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha nikamwona mama mkubwa, na kicheko kikanikauka.

Papa federal alimfokea mbele ya watu wote. "Mama, umetuuza! Mambo ya orodha usahau!" Mama mkubwa akageuka akaondoka. Tulipofika nyumbani aliniuliza neno moja tu:

"Ni weye ulishona?"

Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angenipiga. Siku ile chakula kilinishinda.

Siku ya tatu gari ya chama cha njano ikapanda avenyu yetu. Wajumbe wake walikuwa wanakaribia kucheza kwa furaha. Eti mwanamke aliyeingiza sura ya mkubwa wao mpaka katikati ya uwanja wa kijani, huyo si mwanamke, ni jenerali!

"Sisi hatuleti ahadi, mama," mmoja akasema. "Sisi jina tumekwisha kuandika."

Akatoa karatasi ya orodha. Nikasimama nyuma ya bega la mama mkubwa, tukasoma pamoja. Lilikuwa jina la bwana yake.

Mume wake huyo anauza viazi vinavyotoka Kibumba. Ni mtu mpole, na hakuwahi kukanyaga miting hata moja ya chama chochote.

"Bwana na bibi ni mwili mmoja," mjumbe akaeleza. "Weye mama utaendelea na kazi yako nzuri ya kuimbisha."

Na muzee mwenyewe, yule muuza viazi, aliyekuwa ameketi pembeni, badala ya kukataa, akanyoosha kola yake. "Mimi sikuomba," akasema. "Lakini wakubwa wameona." Nusura nimrushie mkasi.

Mama mkubwa alisema aksanti. Akawasindikiza mpaka kwenye gari, akawapungia mkono. Halafu akaingia nyumba ya kwanza ya avenyu, akatoka, akaingia ya pili. Kufika jioni alikuwa amemaliza pande zote mbili, na kila nyumba aliwaachia maneno yale yale: "Jumapili tunakaa nyumbani."

Jumapili ilipofika, chama cha njano kilipanga viti vya plastiki, kikafunga maspika makubwa. Muzee aliketi mbele na koti la kuazima. Mimi nilikwenda kuchungulia, ningekosaje? Mkubwa wao akapaza sauti: "Njano!" akawaelekezea watu mikro. Kimya. "Njano!" Mtu mmoja akakohoa. Wanaume walikuja, ndiyo, lakini walisimama mikono mfukoni wakingoja bamama waanze. Walingoja mpaka viti vikakusanywa.

Alasiri ile ile gari ikapanda tena. Mkubwa mwenyewe akashuka, karatasi mkononi, akatafuta pa kukaa asipaone. Mama mkubwa alikuwa anachambua maharagwe. Alimaliza sinia lote kwanza. Kisha akapokea karatasi, akaomba kalamu ya bic, akalikata jina la bwana yake kwa mstari mmoja, akaandika lake juu.

Muzee alikuwa mlangoni, bado amevaa koti la watu.

"Na mimi je?"

"Weye," mama mkubwa akasema bila kuinua macho, "utaimba."