Lori la Norbert Lililofunga Mtaa wa Hickory

Norbert Zielke alikuwa mvutaji wa magari yaliyoharibika katika mji wetu mdogo wa Wisconsin. Gari lako likiteleza kwenye theluji na kuingia mtaroni, yeye ndiye aliyekuja na lori lake, kofia ya sufu mpaka masikioni, akikutazama kama mtoto aliyevunja sahani. Maneno hakuwa nayo mengi. Mkewe, Bernadine, alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili.

Siku ya Halloween, watoto wanapojigeuza mizimu na wachawi na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, Norbert alikaa kibarazani na bakuli la chokoleti kama sisi majirani zake. Mwaka mmoja akaitwa jioni hiyohiyo kuondoa gari mtaa wa juu. Msichana mdogo alikuwa amegongwa, alipochomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa. Walikwisha kumkimbiza hospitali. Dereva, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara akirudia jambo moja: "Sikumwona. Jamani, sikumwona." Norbert alipoinama kufunga mnyororo, alikuta chini ya bampa bawa la kitambaa cheusi. Mtoto alijigeuza popo.

Alipona, ingawa mguu ulichelewa kuunga. Norbert alirudi, akala, akalala. Asubuhi Bernadine aliniambia kwenye ua, "Huyu mzee wangu kuna kitu kimemwingia."

Tulikiona mwaka uliofuata. Mjukuu wao, Tess, alikuja kwao amevaa kichawi, mweusi tii toka kofia hadi viatu. Norbert akatoka kwenye lori na utepe wa kung'aa, ule wanaobandika kwenye matela, akaanza kumbandika mgongoni.

"Babu! Mchawi gani anang'aa kama kibao cha barabarani?"

"Mchawi anayefika nyumbani salama."

"Watanicheka!"

"Wacha wakucheke. Wakikucheka, wamekuona."

Tess akamwendea bibi yake kushtaki. Bernadine akambandika kipande kingine kwenye kofia.

Kisha Norbert akawasha lori, akaliweka likakingama barabara pale juu mtaa wetu unapoanzia, taa za rangi ya chungwa zikizunguka. Madereva wengi walizoea kupita kwetu kwa kasi ili wakwepe taa za barabara kuu. Ruhusa hakumwomba mtu.

Jua lilikuwa linazama alipofika msichana anayepeleka pitsa, Shawna. Akapiga honi, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, vipi? Umeharibikiwa?"

"Mtaa umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ni meya? Mzee wangu, hizi pitsa ni za nyumba ya mwisho kule chini. Zikipoa, bosi atanimeza mzimamzima!"

Norbert akamtazama, akautazama mtaa uliojaa watoto. Hakuwa mtu wa kumkosesha mwenzake kibarua. Akasogeza lori kidogo, akachukua tochi. "Nifuate. Ukinipita, nakuvuta wewe na pitsa zako."

Basi akatangulia kwa miguu katikati ya barabara, akipunga tochi kushoto na kulia, na gari likamfuata mwendo wa kobe. Watoto wakadhani ni gwaride. Wakalizunguka gari, wakagonga vioo: "Peremende au vituko!" Shawna alikuwa na vipakiti vya pilipili tu. Akawagawia hivyo hivyo, akicheka mpaka machozi.

Waliporudi juu, walimkuta askari, Bi Kranz, akilizunguka lori.

"Norbert, barabara si sebule yako. Liondoe."

"Nitaliondoa watoto wakishaingia ndani."

"Nikikuandikia faini?"

"Andika. Na nani atakuja kulivuta?"

Bi Kranz akafikiri. Mvutaji mwingine wa magari alikuwa mji wa pili, tena mlevi. Akashusha pumzi, akaegesha gari lake upande wa chini wa mtaa, akawasha taa zake nyekundu na bluu. "Kama ni kufunga, tufunge pande zote," alisema. Ila faini akamwandikia.

Usiku ule Bernadine alimpelekea supu ya kuku ndani ya lori. Aliniambia kwamba alimkuta analia, tochi mapajani. Alimpa kijiko, akakaa naye mpaka supu ikaisha.

Sasa halmashauri ndiyo inayofunga mtaa kila mwaka, kwa vizuizi vya plastiki. Norbert alikwenda kuvitazama siku vilipoletwa, akakisukuma kimoja kwa kidole kikaanguka.

"Hiki kinamzuia nani?" aliuliza. "Paka?"

Akaenda kuleta lori.