Mkono Unaochukua Shati

Hakuna nguo iliyopita mikononi mwa Dada bila kupekuliwa mifuko. Hata gauni la mtoto mchanga lisilo na mfuko alilipapasa ubavuni, juu mpaka chini, ndipo alitie maji. Siku moja mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alimkuta anapapasa pazia.

"Unatafuta nini humo?"

"Sijui. Nikikipata nitakuambia."

Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo alikuta funguo, meno ya bandia, na barua za mapenzi ambazo hakuziandika mke wa mwenye suruali. Vyote alivirudisha vimefungwa ndani ya karatasi, na mdomo wake pia akaufunga. Tabia hiyo hakuiacha hata pale watu laki mbili walipokuwa wakimtazama kila jioni.

Kazi aliifanyia chumba cha mbele cha nyumba yake: kuta za kijani hafifu, meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka, na upande wa kushoto wa shuka alama ya kuungua yenye umbo la pasi. Katika vyumba vya nyuma aliishi na mumewe, karani wa mahakama, ambaye alimwita Mzee. Huyu alivaa shati lililonyooshwa siku hiyo hiyo, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, hakimu ana joho, wakili ana suti, karani ana kola tu. Ndiye aliyempa Dada jina la Mkunjo. Wateja walidhani ni kwa ajili ya nguo. Kumbe ni kwa ajili ya paji la uso, ambalo lilikunjamana kila alipoulizwa swali la kipuuzi.

Ukurasa wa Dada mtandaoni aliufungua Mwalimu. Alifundisha jiografia sekondari, hakuwa na mume wala mtoto, na likizo zilikuwa ndefu. Miezi sita ya mwanzo waliweka kila kitu, na watazamaji hawakupita hamsini, nusu yao ndugu.

"Dada, huu ukurasa wako ni kama kabati la mtu anayehama," Mwalimu alimwambia siku moja, simu ikiwa juu ya kishikio chake, inarekodi. "Leo unatoa doa la wino, kesho unasimulia ndoto, keshokutwa paka wa jirani. Mtu akikuona mara moja, ataweza kumwambia mwenzake wewe ni nani?"

"Atasema ni dobi."

"Madobi ni wengi kuliko nguo."

"Basi aseme ni dobi mwenye mdogo wake msumbufu. Huyo ni mmoja tu."

Hapo ndipo mkono ulipoingia kutoka mlango wa nyuma, mkono wa mwanamume wa makamo wenye saa ya mkanda wa ngozi, ukashika hanga lililokuwa juu ya meza. Sauti ikauliza, "Limepoa?" Dada akajibu, "Limepoa." Mkono ukaondoka na shati.

Mwalimu aliitazama video ile mara kumi na moja. Kisha akachukua karatasi ya daftari, akaandika, akaibandika ukutani nyuma ya simu ili Dada aione wakati wa kurekodi: ukuta uleule, kilemba kileile cha bluu, shati moja, neno moja kuhusu kesho ya Mzee, halafu mkono. Uso wa Mzee usionekane kamwe.

"Kwa nini usionekane?" shemeji yake aliuliza, kama mtu aliyeonewa.

"Ukionekana wataondoka," Dada alisema.

Watu walikuja, na walikuja kwa kitu kimoja. Hawakuuliza tena habari za madoa. Dada aliinamia shati, akapapasa mfuko wa kifuani, akaanza na kola, akasema, "Kesho Mzee ana kesi ya shamba, watu watapiga kelele, tumpe jeupe limtulize." Mkono ukaja. Chini yake waliandika: mkono umefika, sasa nalala. Wanawake walioachwa waliandika. Vijana waliandika kwamba wanataka ndoa ya namna hii. Mzee alisomewa maoni hayo akinywa chai. Alisema ametumikia serikali miaka thelathini bila mtu kumjua, leo mkono wake una mashabiki, na angeomba mwili uliobaki nao ufikiriwe.

Kurekodi kila siku hakukuwezekana, kwa hiyo walirekodi mara moja kila wiki mbili, Jumamosi, mashati kumi na manne mfululizo. Mzee alikaa nyuma ya mlango na gazeti, akitoa mkono kila alipoitwa. Mwalimu alizipanga video zote simuni mwake, zikawa zinajituma zenyewe kuanzia Jumapili, moja kila siku, saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kuzikumbuka.

Mzee alifariki siku ya Jumatatu, ofisini, saa nne asubuhi. Wenzake walidhani anasoma kitu kwa karibu. Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamerekodi.

Mwalimu ndiye aliyeshughulika. Alimpigia simu mtoto wa Dada aliyefanya kazi mbali, akakodi viti, akafuata cheti, akaandika orodha ya ndugu wa kuarifiwa na kuiwekea alama kwa kalamu nyekundu kama anayesahihisha mitihani. Hakulia. Alingoja kulia kama mtu anavyongoja maji yarudi bombani, anafungua, anasikiliza, anafunga. Jumatano wakazika.

Jioni hiyo ndugu walikuwa wamekaa chumba cha mbele, meza ya pasi imesukumwa ukutani. Dada alikuwa chini, ameegemea mguu wa meza. Tangu Jumatatu hakuwa amesema maneno kumi. Saa kumi na mbili sauti yake ilisikika chumbani, kavu na yenye utani kidogo: "Kesho Mzee anakwenda kunyoa. Kola tuiache laini, isimchome."

Watu wote walimgeukia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka kwenye simu ya wifi yake, dada wa marehemu, ambaye alikuwa shabiki wa ukurasa ule kuliko mtu yeyote, na simu yake ilimwita kila video ilipotoka. Za Jumatatu na Jumanne zilipita katika zogo la msiba bila mtu kuzisikia; hii kidole chake kiliifungua kwa mazoea. Sauti iliendelea na shati, mikono, mgongo, kisha ikaja ya mwanamume: "Limepoa?"

Mtu mmoja alianza kulia kwa nguvu. Wifi aliilaza simu kifudifudi mapajani.

"Kaka yangu hajamaliza saa tatu ardhini," alisema polepole, "na nyinyi mnamwita aje kuchukua shati."

Akamgeukia Dada.

"Ndoa ya watu mmeigeuza tangazo. Na wewe, msomi," alimtazama Mwalimu, "ndiye uliyewaonyesha njia."

Mwalimu alitaka kusema kwamba amesahau. Neno lenyewe lilionekana dogo, kama kumpa kifungo mtu aliyekuja kudai koti. Alichoona wakati ule ni kwamba kiatu cha wifi kimelegea kamba, na kwamba anafaa kuambiwa asije akajikwaa. Akatoka nje.

Alisimama nyuma ya tangi la maji, simu mkononi. Maoni yalikuwa yanapanda: Mzee anyolewe vizuri. Asikatwe ndevu tu. Zilibaki video kumi kwenye foleni, na kidole chake kilikuwa juu ya neno la kufuta aliposikia hatua.

"Zimebaki ngapi?" Dada aliuliza.

"Kumi."

"Ziache."

"Dada, umemsikia wifi yako."

"Nimemsikia. Ziache."

Akarudi ndani. Kwa siku kumi, saa kumi na mbili, Mzee alikuja kuchukua shati. Alikwenda sokoni, alikwenda kumwona daktari wa macho, alikuwa na kesi ya ng'ombe. Siku ya tatu ndugu wa marehemu waliondoka na hawakukanyaga tena nyumba ile. Wifi aliwaambia watu kwamba msiba wa kaka yake uliendeshwa kwa ajili ya wafuasi. Dada aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga pasi nguo za wateja.

Video ya mwisho ilipotoka, Mwalimu aliandika mistari mitatu ya kuwaarifu watu. Walilia kwa maelfu, watu ambao hawakuwahi kujua jina lake. Jumamosi iliyofuata Dada alifunga kilemba cha bluu.

"Weka simu," alisema.

"Hatulazimiki. Tunaweza kubadili kidogo kidogo, tuanze na mashati ya wateja, watu wakuzoee kwa jambo jingine."

"Jambo gani?"

Mwalimu aliitazama karatasi yake, iliyokuwa bado ukutani. Aliweka simu. Dada alinyoosha shati la mistari, kola, mabega, mikono. "Kesho Mzee," alisema, akaishia hapo. Alimaliza, akalitundika, akalinyanyua hanga upande wa mlango na kulishikilia hewani. Katika kioo cha simu Mwalimu aliliona shati linaanza kushuka polepole. Alipita mbele ya simu, akalipokea shati. Mkono wake ulikuwa na chaki kwenye kucha.

Dada aliutazama, paji la uso limekunjamana.

"Hiyo usiitume," alisema. Wala hawakurekodi tena.

Ukurasa ulibaki. Wateja wapya walikuja wakiuliza hapa ndipo kwa Mkunjo, wakautazama mlango wa nyuma kwa aibu, wakaacha nguo. Mwalimu alifundisha mito na milima. Miaka minne alibeba ile Jumatano. Kila alipompelekea Dada mboga au dawa aliazimia kusema: nilisahau, nimekutenga na watu wa mumeo, nisamehe. Kila mara walizungumzia bei ya sabuni. Alijiambia kwamba Dada ana hasira naye, ila ni mtu wa kurudisha vitu vimefungwa ndani ya karatasi. Wifi alipokutana nao barabarani alivuka upande wa pili, na Dada alimsubiri avuke salama, kisha akaendelea na safari.

Figo ndizo zilizomwangusha Dada. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na wageni waliruhusiwa alasiri, saa moja tu. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Dada alikuwa amepapasa kanzu ya hospitali akakuta ina mfuko, mtupu, na jambo hilo lilimridhisha. Waliongea habari za mtoto wake anayekuja Ijumaa. Nesi alipita akisema muda umekwisha. Mwalimu alisimama, akachukua mkoba, na labda kwa sababu alikuwa tayari ameugeukia mlango, akaweza.

"Dada, ile siku ya mazishi. Zile video. Nilisahau kuzizima. Sijawahi kukuambia."

Nyuma yake godoro la plastiki lililalamika. Alipogeuka, Dada alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mtu aliyeuliza swali la kipuuzi. Ijumaa mtoto wake alipofika alikuwa hasemi tena, kwa hiyo haya ndiyo ya mwisho aliyomwambia mdogo wake:

"Najua ulisahau. Mimi nilikumbuka tangu asubuhi, nikanyamaza."