Siku Niliyopokea Nyayo za Korongoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani Kagera, kijana wa kutembea kifua mbele, na nilikwenda kula kiapo cha Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, nikiwa na buti za jeshi nilizozipaka rangi mpaka zikang'aa. Mtemi wetu, yaani mkuu wa Sungusungu wa kijiji, alinitazama kuanzia kichwani. Macho yake yalipofika miguuni yakabaki huko huko.

"Ng'wanawane, mwanangu, umekuja kupiga kwata?" akaniuliza.

"Hapana, Mtemi. Nimekuja kulinda."

"Basi vua hivyo. Buti moja linafuta kwato tatu za ng'ombe. Hapa hatukanyagi, hapa tunasoma."

Nikavua. Watu walicheka, nami nikacheka nao huku roho ikiniuma, maana buti zile nilizipenda kuliko nguo zangu zote. Nilidumu katika kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na sijikwezi nikisema kwamba huku kwetu, Shinyanga Vijijini tunakopakana na Geita, hapakuwa na macho yaliyoisoma ardhi kama haya yangu. Hata wasionipenda watakwambia hivyo. Nawaandikia vijana ili wajue kazi ilivyokuwa, na pia kwa sababu ipo siku moja ambayo nusura inivunjie nyumba, na siku hiyo husimuliwa vibaya kila mahali.

Kwanza kazi yenyewe. Ng'ombe wakiibwa, mwenye mali alipiga mwano, yaani yowe la hatari, na kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kuikimbilia sauti hiyo na upinde wake. Kisha msomaji wa nyayo alitangulia. Unatembea pembeni mwa nyayo, kamwe si juu yake, na unajipanga jua liwe mbele yako ili kivuli kilijaze shimo la kwato ulione vizuri. Ng'ombe anayechungwa hutangatanga, anaonja hapa, anaonja pale. Ng'ombe anayeswagwa huenda moja kwa moja na ncha za kwato zake huchimba, na kinyesi chake hudondoka njia nzima kwa sababu hapewi nafasi ya kusimama. Ukiona wayo umeuvunja umande, wezi wamepita alfajiri hiyo hiyo, kaza mwendo. Ukiona umande umetulia ndani ya wayo, wamekutangulia mbali, tafuta maji ya kunywa njiani.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya mpakani. Walioibiwa hawakuruhusiwa kuingia na pinde zao katika kijiji cha watu. Walisimama mpakani, wakamwita kamanda wa kijiji kile, wakamwonyesha. Akiona kweli nyayo zimeingia kwake, aliulaza upinde wake juu ya wayo wa mwisho na kusema, "Nimepokea." Kuanzia hapo ng'ombe wale walikuwa mzigo wa kijiji chake. Ama wawafuate mpaka waonyeshe nyayo zimetokea upande wa pili, ama wawalipe. Neno la mtu mmoja lilikifunga kijiji kizima, ndiyo maana kamanda alichaguliwa kwa macho yake na kwa ulimi wake.

Kabla ya kupewa ukamanda nilizungushwa. Msimu mmoja niliwekwa mnadani, nikilinganisha alama za ng'ombe na vibali vyao, kazi ya vumbi na matusi. Baadaye niliazimwa Nkome, mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, maana wezi walikuwa wakipakia ng'ombe kwenye mitumbwi na kuwapeleka visiwani. Nilifika huko najiona fundi, nikainama ufukweni asubuhi nzima. Mkuu wa mwalo, mzee mmoja Mzinza mwenye maneno machache, alinitazama mpaka akachoka.

"Kijana, maji hayasomeki," akasema. "Nenda kwa akina mama wanaoanika dagaa. Hakuna kwato inayopita hapa bila kukanyaga nyavu zao, na hakuna mama anayesahau nani kamkanyagia dagaa."

Alisema kweli. Tuliwakamata wawili kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa bado na hasira za juzi. Nilijifunza kwamba ardhi ikinyamaza, unamwuliza mtu, na unamwuliza kwa adabu.

Niliporudi nyumbani baba yangu alikuwa amefariki na ardhi ikawa yangu. Ilikuwa ardhi kubwa, kutoka kwenye ua wa minyaa wa boma letu mpaka korongoni, na kando ya korongo kulikuwa na ngitili yetu, malisho tunayoyafunga masika yote ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Korongo ndilo lilikuwa mpaka. Huku kwetu Shinyanga, kule Geita. Na huko ng'ambo ndiko nilikooa. Mke wangu, Mama Minza, alizaliwa kaya ya tatu ukishavuka, na kaka yake Shija alikuwa kamanda wa kijiji chao kama mimi nilivyokuwa wa kwetu. Tulitaniana bila kikomo. Alikuwa akisema alinipa dada yake ili apate mahali pa kulishia ng'ombe wake.

Sasa siku yenyewe. Kiangazi kile vijiji vyote viwili vilikuwa na njaa ya majani na hasira za karibu. Mwaka uliotangulia, kijiji chetu kilipokea nyayo, tukashindwa kuzitoa, tukalipa. Kuna watoto walikosa maziwa kwa sababu hiyo. Asubuhi moja tukasikia mwano kutoka ng'ambo. Mjane mmoja ameibiwa ng'ombe tisa, mali yake yote.

Nilipofika korongoni, Shija na watu wake walikuwa wamejipanga upande wao, pinde mkononi. Watu wetu walikuwa wamekwisha kujipanga upande wetu, na mbele yao amesimama Mtemi. Nikatazama chini. Kivuko chote kilikuwa kimevurugwa. Kundi la ng'ombe lilikuwa limepitishwa pale muda si mrefu, likaenda majini na kurudi, na umande wote umevunjika.

Mtemi alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wetu walikwenda kunywa. Hakuna kinachosomeka hapo. Waambie hujaona kitu, warudi kwao."

Niliinama. Sikuwa na haraka. Ng'ombe wetu hawakuwahi kunyweshwa asubuhi vile, na mmoja wa waliopita pale alikuwa na kwato ya nyuma iliyopinda kwa ndani. Nilimfahamu. Alikuwa dume la Mtemi. Chini ya kwato zake, kwenye ukingo ambapo kundi lilikuwa limeteleza na kuacha nafasi ya kiganja, nilikuta nyayo nyingine zenye umande uliotulia ndani yake. Zimechimba kwa ncha, zimekwenda moja kwa moja. Zimeingia kwenye ngitili yangu.

"Shemeji," Shija akaita kutoka upande wa pili. "Mwenye macho ni wewe. Wameingia, hawajaingia?"

Nilijua kinachonisubiri. Nikisema wameingia, watu wangu wataniita msaliti niliyewauza kwa wakwe zangu. Nikisema hawajaingia, mjane atabaki bila kitu, na wale vijana wa ng'ambo waliokwisha kuweka mishale kwenye kamba hawataamini. Niliogopa, naandika wazi. Kule Kagera nilipigwa mabomu na sikuogopa namna ile.

Nikaulaza upinde wangu. "Nimepokea."

Kelele zilizotoka nyuma yangu bado nazisikia. Lakini mishale haikurushwa hata mmoja, na hilo najivunia mpaka leo.

Hakuna aliyefuatana nami. Nilikwenda peke yangu, ngitili nzima, nikatokea upande wa pili, nikazifuata nyayo mpaka jua linaelekea magharibi, zikanifikisha Mwakitolyo, machimboni. Huko ardhi ilikuwa imekanyagwa na ndala za maelfu ya wachimbaji, karasha zinasaga mawe, huoni hata wayo wako mwenyewe. Nikakumbuka somo la Nkome. Nikaketi kwa mama lishe mmoja, nikaagiza supu.

"Leo nyama imejaa hivi, mama?"

"Kula baba, ushukuru. Bucha ya kule nyuma imeshusha bei tangu asubuhi. Sisi hatuulizi."

Nilimaliza supu, nikaenda kituoni. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa vitendo, akanipa askari wawili. Nyuma ya bucha, ndani ya uzio wa mabati, tulikuta ng'ombe sita wa mjane. Watatu walikuwa wamekwisha kuliwa. Wezi walikuwa wapita njia tu, si wa kwetu wala si wa ng'ambo.

Nikawaswaga sita wale hadi korongoni. Bado watatu. Machimboni hapakuwa na kamanda wa kuzipokea nyayo, hivyo mzigo ulibaki wetu. Sheria ilitaka kijiji chetu kichange, kijiji kikakataa, basi nikatoa watatu kwenye boma langu. Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu hakupaswa kukosea hivyo. Kwetu mtu hatoi ng'ombe wake kimya kimya asipokuwa na hatia. Ng'ambo wakaanza kuulizana: nyayo zimefutwa na nani? Zimefutwa mlangoni kwa ngitili ya nani? Na huyu mbona analipa peke yake? Kufika mwezi uliofuata nilikuwa mwizi aliyeshtukiwa njiani akarudisha mali.

Watu wangu walininunia msimu mmoja, kisha wakahitaji macho yangu, wakarudi. Wa ng'ambo hawakurudi. Shija hakuvuka korongo tena. Mama Minza aliniambia mara nyingi, "Baba Minza, wewe unajua zile nyayo za juu ni za ng'ombe wa nani. Sema tu, kaka yangu aje."

"Sikuulizwa nani kafuta," nilimjibu kila mara. "Niliulizwa wameingia au hawajaingia."

Nililiona jibu safi. Mtemi alikuwa mkubwa wangu, aliyenifundisha kila kitu, na alikuwa ameogopa kwa ajili ya watoto wa kijiji. Nisingeweza kumvua nguo mbele ya watu wa ng'ambo. Mama yake Mama Minza alipofariki, nilikatazwa kufika. Mke wangu alikwenda peke yake. Alirudi baada ya siku tatu, akaniambia walimketisha na wageni. Binti wa marehemu, hakupewa hata mwiko ashike.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Nilipostaafu, Mtendaji wa Kijiji aliitisha mkutano wa kuniaga, akawaalika na wa ng'ambo kwa sababu ya ujirani mwema, naye Shija akaja kwa sababu alikuwa kiongozi. Mtemi alikuwa mzee sana, ameshikiliwa huku na huku. Akaomba kusema.

"Zile nyayo za korongoni nilizifuta mimi," akasema. "Niliwapeleka ng'ombe wangu kabla kamanda hajafika. Huyu alilijua dume langu kwa kwato yake tangu dakika ile. Nilimchagua kamanda kwa sababu hawezi kusema uongo, halafu nikamwomba aseme uongo. Nimengoja anitaje. Nimechoka kungoja."

Shija alisimama, akavua kofia, akaja akanishika mikono yote miwili, analia mbele za watu. Watu walipiga vigelegele. Kila aliyesimama alinisifu, wa huku na wa ng'ambo. Mtu mzima nilivimba kichwa, sikatai. Nilimtafuta mke wangu kwa macho ili tufurahi pamoja. Alikuwa ameketi upande wa akina mama, mikono mapajani, hapigi makofi.

Jioni nilimwuliza kulikoni.

"Leo umesifiwa na vijiji viwili," akasema. "Mimi miaka kumi na miwili nilitaka mgeni mmoja."

Nikaketi chini karibu naye.

Siku hizi tunakaa Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa binti yetu Minza. Shija huja kila mnada, anakaa na dada yake, wanazungumza Kisukuma cha utotoni mwao mpaka nasahaulika. Kazi yangu imekufa. Ng'ombe wa wizi sasa hupakiwa kwenye lori, na lori huwezi kulisoma kwato. Lakini vijana bado huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia kwa uhakika wote nilionao: siku ile ningeulaza upinde wangu tena, pale pale. Ila nisingeishia hapo. Ningenyoosha kidole kwenye kwato iliyopinda, mbele ya Mtemi na mbele ya Shija, niseme na hii ni ya nani. Nilisoma nusu ya ardhi kwa sauti, nusu nikaimeza, na aliyelipia ile nusu niliyoimeza si mimi.